Ngozi Nyeusi Si Kinga, Cheki Nyayo Zako

Wasee, kuna uongo tumezoea kuambiana: ati saratani ya ngozi ni ya wazungu, sisi tuko sawa juu tuna melanini. Ni kweli melanini hutukinga na jua. Lakini melanoma, ile saratani kali ya ngozi, ikimpata mtu mweusi mara nyingi huanzia mahali jua halifiki: kwenye unyayo, kiganjani ama chini ya ukucha.

Unabisha? Mwangalie Bob Marley. Picha yake iko kwenye matatu kibao, lakini wachache wanajua kilichomuua. Mwaka wa 1977 alipatikana na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alikataa kidole kikatwe. Saratani ikasambaa, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami akiwa na miaka 36 tu.

Hata kwetu imefika. Shangazi yangu alikuwa na doa jeusi kwenye kisigino, na kila mtu alikuwa na jibu lake: ni mwiba, ni kiatu, ni damu imevilia. Zahanati moja ilimpa mafuta ya kupaka. Akarudi mara tatu, mafuta ni yale yale. Doa lilipoanza kutoa maji ndipo daktari wa ngozi akakata kipande, kikapelekwa maabara. Leo anatembea kwa magongo, lakini yuko nasi. Nilipomwambia nataka kuandika haya, alisema, "Waambie wavue soksi."

Si ati uanze kushtukia kila doa. Wengi wetu tuna vidoa vya tangu utotoni na havina noma. Hata mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Shida ni doa linalobadilika. Je, upande mmoja haufanani na mwingine? Kingo zimechakaa? Lina rangi mbili tatu? Limepita milimita 6, kama kifutio cha nyuma ya penseli? Linakua, linawasha, linatoa damu? Kwa ukucha, jihadhari na mstari mmoja unaozidi kupanuka, ama weusi unaoingia kwenye ngozi ya kando. Ukiona hivyo, nenda hospitali na uulize daktari wa ngozi.

Sasa kinachonikera ni hizi dawa za kuchoma madoa zinazouzwa mtandaoni na kwenye vibanda vya urembo. Unapaka, linababuka, unapiga selfi. Kama lilikuwa melanoma, juu panapona huku ugonjwa ukibaki ndani, na maabara haina kitu cha kupima. Daktari hudunga ganzi, analikata, kisha linaangaliwa kwa hadubini. Mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kama doa hulipendi, litoe, mwili ni wako. Lakini lipimwe kwanza.

Na nyinyi wa kupaka kucha rangi kila wiki, mwambieni anayewatengeneza akiona mstari mpya aseme kabla hajapaka. Huyo huona miguu mingi kwa siku kuliko daktari. Kwa sasa, shika kioo, inua mguu, uangalie.