Timu Yetu Isiyotabirika na Jumamosi ya Alabama

 

Wengi mmeniuliza, hasa washkaji wa Moro na wale wa Mlimani: hivi wewe uliyekwenda Nashville kusomea ualimu, huo mpira wa Wamarekani wa kukumbatia mikononi umeanza kuushabikia lini? Na kwa nini kila ukianza stori lazima uishie tarehe 5 Oktoba 2024? Haya, leo nalipa deni. Kaeni vizuri, chai iwe karibu.

Kwanza niwaweke sawa kuhusu mchezo wenyewe. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ikifanikiwa inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Ukifika mwisho wa uwanja na mpira mkononi unapata pointi 6, na nafasi ya kuongeza. Anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi wanamwita kwotabeki. Basi, mengine ni kugongana tu.

Sasa timu ya chuo chetu, Vanderbilt. Mnaikumbuka ile kauli ya kichwa cha mwendawazimu, kwamba kila kinyozi anajifunzia hapo? Sisi tuliisema kuhusu Taifa Stars, lakini ingewafaa hawa kabisa. Wamo kwenye ligi ya SEC tangu ilipoundwa mwaka 1932, tena ndicho chuo pekee cha binafsi mle ndani, na kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa kugawa pointi. Msimu wa 2023 walishinda mechi 2, wakapoteza 10. Kabla ya siku hiyo ninayoisimulia walikuwa wamekutana mara 60 na timu zilizo kwenye tano bora za nchi, na walikuwa hawajashinda hata moja. Sitini, jamani! Na Alabama hawakuwahi kuwafunga tangu 1984, wakati huo baba yangu yuko shule ya msingi.

Mimi nilifika Agosti 2024, mwaka wa kwanza, sijui kitu. Mechi ya kwanza tarehe 31 Agosti wakaifunga Virginia Tech 34–27 kwenye muda wa nyongeza. Nikasema alaa, kumbe wako vizuri! Wiki iliyofuata wakamchapa Alcorn State 55–0. Halafu tarehe 14 Septemba wakaenda Atlanta kucheza na Georgia State, timu ambayo hakuna aliyekuwa anaihofia, wakafungwa 36–32 sekunde za mwisho. Wiki moja baadaye wakaibana Missouri, iliyokuwa namba 7 nchini, mpaka nyongeza ya pili, wakafa 30–27. Yaani hujui ucheke au ulie. Anayekaa nami bwenini, ambaye familia yao ni mashabiki wa siku nyingi, aliniambia ushauri wake ni mmoja tu: usiwapende sana.

Mimi mtoto wa Msimbazi, ushauri huo umechelewa. Nani kasahau mwaka 2019? Simba walipigwa 5–0 na AS Vita kule Kinshasa Januari, wakapigwa tena 5–0 na Al Ahly kule Misri mwanzoni mwa Februari. Watani wa Jangwani walitufanya tusitoke nje. Halafu tarehe 12 Februari, siku kumi tu baadaye, Al Ahly haohao wakaja Taifa na kulala 1–0, bao la Kagere. Mwezi Machi Vita nao wakafa 2–1, tukaingia robo fainali. Timu ileile. Baba alisema usiku ule kwamba mpira hauna adabu, na mimi nikiwa mdogo nilidhani anaulaumu. Kumbe alikuwa anausifia.

Sasa kwa nini nawasimulia haya na mimi ni mwalimu mtarajiwa? Kwa sababu ya mtoto mmoja.

Muhula ule kozi moja ilitupeleka shuleni kusaidia watoto kusoma. Mimi nilipewa mvulana wa darasa la pili. Jumanne anasoma ukurasa mzima kama mtangazaji wa redio, anabadilisha na sauti kabisa kuigiza wanyama. Alhamisi neno la herufi nne linamshinda, anaweka kichwa mezani. Wiki inayofuata hivyohivyo. Mwishoni mwa Septemba nikapewa karatasi ya kujaza, yenye visanduku vitatu: anaweza, anajitahidi, hawezi. Weka tiki moja. Na mtu mzoefu pale akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba mtoto wa namna hii, ukitaka usalama, mpime kwa siku yake mbaya, hapo huwezi kukosea. Karatasi ile ndiyo ingeamua anapangwa kundi gani la kusoma mpaka Krismasi. Ikakaa mezani kwangu wiki nzima. Sikuijaza.

Basi Jumamosi ikafika. Alabama walikuwa wametoka kuifunga Georgia 41–34 wiki iliyopita na sasa walikuwa namba 1 nchi nzima. Uwanja wetu ulikuwa bado kwenye ukarabati, unaingiza watu kama 28,000, na nyekundu ya Alabama ilikuwa nyingi mno kwa timu ya ugenini. Mechi ilianza saa tisa na robo alasiri.

Shambulizi la kwanza, Vanderbilt wakafika mwisho wa uwanja. Nikajisemea ni bahati. Dakika chache baadaye pasi ya Alabama ikagonga mtu ikaruka juu, Randon Fontenette akaidaka na kukimbia nayo yadi 29 mpaka mwisho. 13–0! Mwenzangu wa bwenini alikaa chini akaziba macho. Mashabiki wa timu kama hizi ndivyo walivyo, wakiongoza ndipo wanapoogopa zaidi.

Kwotabeki wetu alikuwa Diego Pavia. Huyu alipomaliza sekondari hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Alianzia chuo cha miaka miwili, akaenda New Mexico State, ndipo akaja kwetu mwaka huohuo wa 2024. Siku hiyo alirusha pasi 20, zikafika 16, yadi 252. Lakini dawa yenyewe haikuwa pasi. Dawa ilikuwa kuwanyima mpira. Kati ya dakika 60, Vanderbilt waliushika dakika 42. Yadi tatu, yadi nne, yadi mbili, taratibu kama mama anayepepeta mchele. Alabama walikuwa na wachezaji wenye mbio kuliko sisi wote, lakini mtu mwenye mbio atafanya nini akiwa amekaa benchi?

Wakasogea, tukasogea. Zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu ikawa 40–35 na uwanja wote tunajua stori za namna hii zinaishaje. Tumezoea. Lakini mpira ukabaki kwetu, jaribio baada ya jaribio, mpaka saa ikaisha yenyewe.

Nilipiga kelele "tumeshinda!" kwa Kiswahili, na ndipo nikashtuka. Tumeshinda. Tangu Agosti nilikuwa nasema "wao", chuo chao, timu yao, chakula chao. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Dada mmoja nisiyemjua alinikumbatia akilia. Wanafunzi wakang'oa goli, wakalibeba mabegani kupitia mtaa wa Broadway mpaka Mto Cumberland, wakalitosa. Baadaye chuo kikatozwa faini ya dola 100,000 kwa watu kuingia uwanjani, na goli likaopolewa, likakatwa vipande, vikauzwa. Wamarekani kwa biashara hawajambo!

Nilimtumia baba ujumbe, huko ilikuwa saa tisa usiku. Asubuhi akajibu: "Hongera mama. Furahi leo. Wiki ijayo ni mechi nyingine."

Na alisema kweli. Waliifunga Kentucky, halafu Texas wakatushinda kwa pointi 3, South Carolina wakatuchapa 28–7 nyumbani kwetu. Msimu ukaisha kwa mechi 7 za kushinda na 6 za kupoteza. Mwaka 2025 Alabama wakalipiza 30–14, lakini msimu huo tulishinda mechi 10, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya timu.

Lakini Jumapili ile ya Oktoba 2024 mambo hayo yote yalikuwa bado hayajulikani. Niliitoa ile karatasi. Nikajiuliza, Vanderbilt ya kweli ni ipi, ya Georgia State au ya Alabama? Ukichukua wastani unapata timu ambayo haikucheza hata siku moja. Zote mbili ni za kweli, ila ya pili inakwambia kilichomo ndani, na mtu hawezi kutoa kisichomo. Siku mbaya inakuuliza tu kimezibwa na nini.

Sikuweka tiki. Niliandika pembeni tarehe za siku nzuri na siku mbaya, na kila tarehe alichosoma. Mwalimu wa darasa akazisoma, akaona siku mbaya zote ni Alhamisi, akaenda kuulizia nyumbani. Kumbe Jumatano usiku mtoto anabebwa kwenda kumsubiri mama yake anayefanya kazi zamu ya usiku, analala kwenye kiti. Alibaki kundi lake, na zamu yangu ikahamishiwa Jumatatu na Jumanne.

Alhamisi bado zilikuwa ngumu. Hakugeuka kuwa bingwa, na mimi sikutarajia.

Haya, nina andalio la somo la kuwasilisha kesho saa mbili asubuhi na sijaanza. Watani wa Jangwani, nawasalimu pia, msinune. Tutaonana panapo majaliwa.