Mlango wa Bibi

Juu ya mlango wa nyumba ya bibi yetu, kijijini, pamechongwa mwaka 1300 wa Hijria, yaani 1882 au 1883 Miladia. Kwa mwaka huo tulijivuna tangu utotoni, na kwa mwaka huo huo ndugu zangu walitaka nyumba ibomolewe: ni kuukuu mno, walisema, haitengenezeki.

Tulimwita fundi. Hakushughulika na nakshi, aliangalia miti. Alizigonga nguzo za mkoko moja moja, akautazama mtambaapanya na makombamoyo yanayobeba makuti, akachunguza kamba za makumbi zilizofunga fito kabla ya ukuta kukandikwa udongo. Kisha akasimama mlangoni. Miimo ilikuwa imekatwa chini ipate kuenea, na ilikuwa na matundu ya komeo lisilokuwapo.

“Mlango huu umetoka nyumba nyingine,” alisema. “Nyumba yenyewe ni changa. Nguzo mbili tu zimeliwa na mchwa.”

Hapo mama, aliyekuwa kimya barazani, akatueleza. Babake bibi alipofariki, bibi alipewa mlango ule katika fungu lake la mirathi. Akauhifadhi miaka mingi. Alipofiwa na mume, aliijenga nyumba hii kwa fedha za mikeka aliyoisuka mwenyewe, akautia mlango wa babake.

Sote tulikuwa tukiisoma tarehe ile, wala hatukumuuliza mama hata siku moja.

Tumebadilisha nguzo mbili. Nyumba ingali imesimama. Mwenyezi Mungu amrehemu aliyeijenga, amin.