Kuunganisha au Kumimina?

Rasimu za diwani yangu nilizihifadhi ndani ya kompyuta pepe (jina silipendi, ila limekwisha shika), ambayo diski yake nzima ni faili moja ya qcow2. Faili hiyo ndiyo msingi. Juu yake nilitandika matabaka mawili: moja la kujaribia programu, jingine la kusahihishia mashairi. Kila tabaka huhifadhi yaliyobadilika tu. Lisilopatikana humo husomwa chini, msingini.

Nafasi ilipopungua, niliazimia kuunganisha tabaka la majaribio na msingi wake. Nikaandika qemu-img commit, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Neno kuunganisha ndilo lililoniponza. Viunganishwavyo husimama sawa, kama kamba mbili fundoni. Amri ile haiungi, humimina: ya juu hushuka yakayafuta ya chini, na msingi haubaki ulivyokuwa. Tabaka la mashairi lilikuwa likiutegemea msingi ule wa kale. Nilipolifungua, faili kadhaa hazikufunguka. Nyingine zilianza kwa ubeti mzima zikaishia kwa herufi za ovyo, mizani imekatika katikati ya neno.

Ningalitumia qemu-img convert, ningalipata faili mpya iliyokusanya tabaka lile pamoja na msingi wake, na za zamani zisingaliguswa. Hiyo nayo naiita kunakili, wala sioni neno bora.

Beti 41 nimezirejesha kutoka daftarini. Zilizosalia nazikumbuka kwa vina vyake tu: -ani, -iza, -ani, -iza.