Mabao 5, Mechi 10: Ubishi wa Amavubi Gakiriro ka Gisozi

Ukitoka Kinamba ukaanza kupanda kuelekea Gisozi, harufu ya vanishi inakupokea kabla hujaona karakana hata moja. Hapa ndipo Gakiriro, sehemu ambayo Kigali nzima huja kununua vitanda, makochi, mageti, rangi na misumari ya kupimwa kwa kilo. Mbao za mkaratusi zinazovunwa humu nchini zimeegemezwa ukutani, pembeni yake za libuyu kutoka Kongo, nyekundu na nzito. Mashine za randa hazinyamazi, kwa hiyo watu hupaza sauti hata wanaposalimiana. Moto umeshateketeza sehemu za soko hili zaidi ya mara moja, na kila mara mafundi wamerudi, wakafagia majivu na kuanza tena.

Jumatano ya Oktoba 15, 2025, randa zilikuwa na mshindani. Jana yake, jioni, Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda, walikuwa wamefungwa 3-0 na Afrika Kusini huko Mbombela. Siku chache kabla ya hapo Benin walikuja Kigali wakaondoka na ushindi wa 1-0. Safari ya Kombe la Dunia 2026 ikaishia hapo: pointi 11 katika mechi 10, nafasi ya tano katika kundi. Linaloumiza zaidi ni kwamba Novemba 2023, baada ya kuifunga hiyohiyo Afrika Kusini 2-0 mjini Huye, Rwanda ilikuwa inaongoza kundi hilo.

Walipojua ninatoka Dar es Salaam, mafundi waliacha Kinyarwanda wakahamia Kiswahili. Tangu 2017 ni moja ya lugha rasmi za nchi, lakini Gakiriro hawakuisubiri sheria. Wapo madereva wa Goma wanaoleta mbao, wapo wazaliwa wa Nyamirambo, wapo wazee waliowahi kufanya kazi Kampala na Mwanza. "Kaka, kaa hapa," akaniambia fundi makochi, akinisogezea stuli isiyopakwa rangi bado. "Amrouche mnamjua nyinyi. Tuambieni." Kweli tunamjua: Adel Amrouche, Mualgeria aliyeifundisha Taifa Stars kabla ya kukabidhiwa Amavubi mwaka 2025. Nikasema aliipeleka Tanzania kwenye AFCON. Mchomeleaji mageti akavua miwani yake myeusi. "Basi tatizo si kocha," akasema, na hapo ubishi ukaanza rasmi.

Mabao 5 katika mechi 10. Hesabu hiyo kila mtu pale alikuwa nayo kichwani, pamoja na wafungaji: Gilbert Mugisha mawili, Jojea Kwizera mawili, Innocent Nshuti moja. Watu watatu tu. Kundi moja likataka kikosi chote kivunjwe, waingie vijana wa chini ya miaka 23, wafungwe, wajifunze, wakomae pamoja. Kundi la pili likauliza: tumeshafanya hivyo mara ngapi?

Na kweli limeshafanyika. Januari 2011 Rwanda iliandaa mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 na kufika fainali, ikafungwa 2-1 na Burkina Faso. Vijana wale, wakiongozwa na nahodha Emery Bayisenge chini ya kocha Mfaransa Richard Tardy, wakaenda Kombe la Dunia la umri wao huko Mexico. Hakuna timu ya Rwanda ya mpira wa miguu iliyokuwa imewahi kufika huko. Hawakuvuka makundi, lakini waliporudi nchi iliamini imepata kizazi chake. Ikaundwa Isonga FC ili wabaki pamoja na kucheza ligi kuu. Baada ya misimu michache timu ikafifia, wachezaji wakatawanyika. Wachache walifika mbali. Bayisenge alicheza hadi Morocco. Wengi wao, ukitaja majina Gakiriro leo, watu hunyamaza kidogo wakijaribu kukumbuka walicheza wapi mara ya mwisho.

Seremala mmoja mzee, mwenye penseli nyuma ya sikio, alikuwa upande wa vijana. "Ubao mbichi ukiutengenezea mlango leo, mwezi ujao haufungi," akasema. "Waacheni wakauke."

"Muzehe, samahani," mchomeleaji akajibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. "Ubao hauumii goti. Ubao ukikaa ukutani miaka mitatu unapanda bei. Mchezaji akikaa benchi miaka mitatu anakuja hapa kuuza misumari."

Nakubaliana naye moja kwa moja. Kipaji cha miaka 17 kinahitaji mechi nzito za kila wiki hadi kifike miaka 22, na hicho ndicho Rwanda haijawahi kukipa muda wa kutosha. Kinachofanyika ni kubadilisha kanuni. Mwaka 2014 Rwanda iliitoa Congo-Brazzaville kwenye mchujo wa AFCON 2015, kisha CAF ikaiondoa Rwanda yenyewe kwa sababu ya Dady Birori, ambaye Kongo-Kinshasa alijulikana kwa jina jingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Mlango ukafungwa kwa wengi waliopewa uraia, akiwemo Meddie Kagere. Miaka ikapita. Kagere akafunga mabao Kenya na Gor Mahia, akahamia Simba, akaitwa tena mwaka 2018, na akafunga hapohapo Kigali dhidi ya Ivory Coast. Msimu huo alimaliza ligi ya Tanzania na mabao 23. Mshabiki wa Simba anayesoma hapa anajua tulifaidi nini. Gisozi wanajua walikosa nini, na hawakunificha uchungu wao.

Klabu nazo zilipita njia hiyohiyo. APR, timu ya jeshi, mwaka 2012 iliamua kutumia Wanyarwanda watupu. Ilitawala ligi, ila Afrika haikwenda mbali. Mwaka 2023 ikarudi kusajili wageni, na tangu hapo Pyramids ya Misri imeitoa miaka mitatu mfululizo. Mshabiki wa Rayon Sports aliyekuwa anapaka vanishi kabati aliusema huo mfululizo kwa furaha kubwa. Akakumbushwa kwamba Rayon yake, iliyofika robo fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, haijachukua ligi tangu 2019. Akarudi kwenye kabati lake.

Juu ya soko, kwenye kilima hichohicho, ipo Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, iliyofunguliwa Aprili 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Nilipanda huko mchana. Bustani zake zinatazama katikati ya jiji, na wageni hutembea taratibu kati ya makaburi mapana ya saruji. Sitaki kuuchanganya mpira na yaliyolala pale. Nasema tu kwamba yule seremala, niliporudi na akajua nilikotoka, alinionyesha kiti kwanza, tukakaa, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyeurudisha mpira. Alitaka nijue kuhusu Januari ya mwaka huohuo wa 2004, Amavubi walipokuwa Tunisia kwenye AFCON pekee waliyowahi kucheza. Mwaka mmoja kabla, Jimmy Gatete alifunga bao la ushindi Kampala dhidi ya Uganda, kisha jingine Kigali dhidi ya Ghana. Tunisia walifungwa 2-1 na wenyeji, wakatoka sare 1-1 na Guinea, wakaifunga Kongo 1-0. Alisimulia pasi kwa pasi, mkono ukichora hewani, na vijana waliokuwa hawajazaliwa walisogea kusikiliza.

Vijana hao wana majina yao. Hakim Sahabo, aliyezaliwa 2005 na kupita shule ya soka ya Lille, ana mawakili wa kutosha Gisozi. Anapoachwa nje ya kikosi, hakuna kocha anayesalimika. Wengine wanaweka tumaini kwa watoto wa akademia ya PSG iliyoko Huye, ambao mwaka 2022 walikwenda Paris wakatwaa ubingwa wa akademia za klabu hiyo kwa umri wa chini ya miaka 13. Hesabu ya hao ni rahisi: sasa wanafikia umri ule wa Bayisenge na wenzake. Miaka mitano ijayo ndiyo ya kuwalinda.

Uwezo upo. Novemba 2024 Amavubi waliifunga Nigeria 2-1 kwao Uyo, mabao ya Ange Mutsinzi na Nshuti ndani ya dakika chache. Hawakufuzu AFCON 2025 hata hivyo, kwa kuwa siku nne kabla walikuwa wamepoteza nyumbani kwa Libya, na Benin wakapita kwa matokeo ya mechi zao wawili wakiwa na pointi sawa. Uwanja wa Amahoro umejengwa upya, watu 45,000 wanakaa, lakini uwanja haufungi bao.

Jua lilipoanza kushuka, mwanafunzi wa useremala, kijana aliyekuwa kimya mchana kutwa, akauliza kuhusu 2027. AFCON itakuwa Kenya, Uganda na Tanzania. Ghafla hakuna aliyezungumzia Mbombela. Kampala ni safari ya usiku mmoja kwa basi kutoka Nyabugogo, Dar ni mbali lakini inafikika, na mimi nikaahidi pa kulala kwa wawili. Fundi makochi akapendekeza waanzishe ikimina, kila mtu achange faranga 2,000 kwa wiki kuanzia Jumamosi.

"Na tusipofuzu?"

"Tutafuzu."

Mchomeleaji, aliyepinga kila kitu tangu asubuhi, akatoa noti zake wa kwanza. Kilichobaki kubishaniwa ni nani atunze fedha, maana mtu wa Rayon hakubali zikae kwa mtu wa APR.