Mbao na Milango ya Lamu

Mji wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una mengi ya kutazamwa. Lakini mgeni apitaye katika vichochoro vyake hakosi kusimama mbele ya milango. Mlango huwa na pande mbili, mfaa wenye nakshi husimama katikati, na juu huchongwa maua, na pengine aya za Qur'ani Tukufu.

Je, ndugu msomaji, uimara wa mlango huu watoka wapi? Hautoki katika nakshi, bali katika kazi iliyotangulia patasi.

Kwanza ni kuchagua mti. Mvule wapendwa kwa kuwa kiini chake hakiliwi upesi na mchwa, ijapokuwa mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake viharibuvyo makali ya chombo. Mbambakofi ni mzito, wala hausinyai sana. Ama mkoko, huo hutoa boriti za dari. Na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba katika majumba ya mawe.

Pili ni subira. Mti mbichi umejaa maji. Ukichongwa kabla ya kukauka, ubao hupinda, ulimi hulegea katika tundu lake, na nakshi hupasuka. Kwa hiyo mbao hupangwa kivulini, mbali na ardhi, na baina ya ubao na ubao huwekwa vijiti ili hewa ipite. Ncha zake hupakwa rangi au nta, kwani huko maji hutoka upesi zaidi, na nyufa huanzia hapo. Mafundi wengi hukadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Mnunuzi hauoni umajimaji huo, fundi aujua. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umaji uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Ubao mbichi uuzwao kwa jina la mkavu hauna tofauti na chakula kile.

Basi enyi wazazi, mkimpeleka kijana kujifunza useremala, asifundishwe randa na msumeno tu. Afundishwe kungoja, na kumwambia mteja mwenye haraka: "Mbao hizi bado."