Siku za Baridi Chini ya Meru

Akina mama wa Dar es Salaam na Tanga wakitutembelea Arusha mwezi wa Julai au Agosti hutushangaa. Saa nne asubuhi bado tumevaa masweta, mashuka tumeyatupia mabegani, na Mlima Meru hauonekani kwa mawingu. Jua huchungulia mchana kidogo, kisha hujificha. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na kwa wenzetu wa Nkoaranga na Olmotonyi, waliopanda juu kidogo, baridi huwa kali zaidi.

Theluji haituangukii mjini. Kilele cha Meru, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huipata mara chache. Mawingu yakifunguka alfajiri tunauona mlima umevaa kilemba cheupe, na jua likipanda kilemba kinayeyuka. Barafu inayokaa mwaka mzima iko kwa jirani yetu Kilimanjaro, kama kilomita 70 upande wa mashariki. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji pale, wataalamu wengine wa Ulaya walimkatalia, wakidai haiwezekani karibu na ikweta. Wachagga walioishi chini yake waliijua siku zote.

Mama mpenzi, siku hizi za ukungu zina raha zake, nazo hazihitaji fedha nyingi. Makande yanatokota tangu asubuhi, na nyumba nzima inanukia. Kwa Waarusha na Wameru kuna loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Chai ya maziwa yenye tangawizi hupasha viganja kabla ya kufika kinywani. Sokoni Kilombero tunachambua rundo la mitumba hadi tupate sweta la mtoto lenye vifungo vyote. Nguo tulizofua hukaa kambani siku tatu bila kukauka, basi tunacheka na kuziacha.

Raha kubwa kuliko zote ni watoto. Wakati wa joto hutawanyika kama vifaranga. Siku ya baridi wanajibana jikoni wenyewe bila kuitwa, na huku wakimenya ndizi wanatuambia mambo ya shuleni ambayo tungeuliza mwezi mzima tusijibiwe. Baba naye huwahi kurudi.

Hata hivyo, baridi ni tamu kwa aliye na pa kujikinga. Hapa kwetu Tengeru yapo makaburi ya Wapolandi yanayotukumbusha hilo. Miaka ya 1940 na 1941 familia nyingi za Poland zilitolewa makwao kwa nguvu zikapelekwa Siberia na Kazakhstan, ambako wengi walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Waliosalia walipitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 baadhi yao wakaletwa Tengeru, wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Akina mama wale walikuwa wameijua theluji kwa namna ambayo sisi hatuijui. Wengine hawakurudi kwao tena, wamelala hapo chini ya Meru.

Basi tunapofunga milango yetu jioni, tumkumbuke asiye na moto. Sisi wauguzi tunajua ni nani baridi humpiga kwanza: mtoto mchanga na mzee. Mwili wa mtoto mchanga hupoteza joto upesi sana, hasa kichwani. Mvalishe kofia na soksi, na umweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike pamoja. Bibi anayeishi peke yake mtaani kwetu anahitaji blanketi, na pengine zaidi anahitaji mtu wa kunywa naye uji.

Jambo moja tusilifanyie mzaha. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima yaweza kulala isiamke. Mtu akilalamika kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpelekeni hospitali. Pikeni dirisha likiwa wazi, na kabla ya kulala jiko litolewe nje.

Mwezi wa Septemba ukifika mawingu yataanza kupungua, watoto watarudi kukimbia uwanjani, na masweta yataingia sandukuni. Kabla ya hapo, mama, ongeza kikombe kimoja cha maji kwenye sufuria ya uji, na umtume mtoto akamwite jirani.