Likizo yangu: kutoka Mlandege hadi Lushoto

Najua nilipotea. Sikuumwa wala sikufukuzwa kazi, nilikuwa likizo tu, na safari hii nimefanya kitu ambacho mama mpaka leo hakielewi. Nimekwenda Lushoto.

"Kuna harusi?" aliniuliza. Hakuna. "Kuna mgonjwa?" Hakuna. "Sasa unakwenda kwa nani?" Siendi kwa mtu mama, nakwenda kupumzika. Akaniangalia kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Kwetu wanaosafiri kwenda kukaa tu ni wazungu, sisi kazi yetu kuwauzia chai.

Lakini nyie mnaijua Mlandege mwishoni mwa Januari. Joto la kaskazi, shuka linaloa jasho usiku kucha, kila duka la nguo na spika lake, vespa zinapita ubavuni, hamali na mkokoteni anataka njia na anaitaka sasa hivi. Na mie nilikuwa ndio kwanza nimetoka kwenye pilika za sherehe za Mapinduzi, hotuba juu ya hotuba. Kichwa kilikuwa kinavuma.

Basi, boti mpaka Dar, nikalala, alfajiri basi la Mbezi. Chalinze, Segera, Korogwe. Mombo unaiacha barabara ya Arusha na kuanza kupanda. Kilomita 30 na ushei ni kona tu, ukuta wa jiwe huku, korongo huku. Ukipita Soni unaona maporomoko ya maji, kama umethubutu kufumbua macho. Juu kule ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mtoto wa pwani nililala na soksi, jamani.

Kukimbia joto wala sikuanza mimi. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, na wakubwa wao wakawa wanapanda kupunga upepo. Waingereza kule India ndio walizidisha: mwaka 1864 waliifanya Shimla, mji wa milima ya Himalaya, kuwa makao makuu yao ya msimu wa joto, serikali nzima ikawa inapanda mlima na mafaili yake. Nani aliyabeba hayo mafaili, mnaweza kukisia wenyewe.

Siku mbili za mwanzo sikufanya kitu. Saa mbili usiku mji umeshanyamaza, mbwa akibweka ng'ambo ya bonde unamsikia kama yuko mlangoni. Mchana nakula mapeasi sokoni. Jioni naangalia karoti na kabichi zikipakiwa kwenye fuso kuteremshwa Kariakoo. Nikajiona mjanja kweli, nimepata pahala hapana kelele.

Siku ya tatu nikatembea kwenda Irente, pale mlima unapokatika ghafla na chini unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika mpaka jicho linachoka. Njiani nikamkuta bibi mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ukungu nyuma yake. Picha nzuri hiyo. Nikatoa simu, nikapiga.

Akasimama. "Kijana, kuniamkia hukuniamkia, picha umeshapiga?"

Wadau, nilitamani korongo linimeze. Mie ambaye nimeandika gazetini kulalamikia watalii wanaowapiga picha wazee wetu vichochoroni Mji Mkongwe kama vile wanapiga picha milango! Shikamoo ikanitoka kwa kigugumizi. Akaitika, akatua mzigo, akasema nimuoneshe. Akajitazama, akaweka kanga sawa, akaniamrisha nipige nyingine.

Kisha akauliza natoka wapi. Nikamwambia Unguja. Sura ikabadilika.

Mjukuu wake yuko Unguja. Nungwi, mahotelini. Mashamba huku yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande vya leso, vijana wanaondoka. Nyumba ile walikuwa wanne, sasa yuko yeye na ng'ombe. Simu ya kijana haijapatikana tangu mwezi wa tisa.

"Unguja kubwa?"

Si kubwa sana, bibi.

"Basi utamwona."

Akanitajia jina moja tu, tena lile ambalo ukiliita pale Darajani asubuhi watageuka watu ishirini. Nikasema nitamtafuta. Usiku ule kimya cha Lushoto hakikunipa usingizi.

Nungwi nimeshafika tangu nirudi, nilitumwa kikazi. Nikauliza hotelini, nikauliza kwa watu wa boti na wauza vinyago. Vijana wa Kisambaa niliwapata wawili. Mjukuu hawamjui, bibi hawamjui, lakini waliiangalia ile picha muda mrefu, wakabishana ni kona ipi ya ile njia. Mmoja akaniomba nimtumie.